Putre ya Kuinua Motere Nyumbani: Isimame kwa Miguu Yake



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kaske, vumbi, malaria na maji safi. Leo nataka kusema juu ya chombo kimoja ambacho hakiko kazini, kiko nyuma ya nyumba zetu. Ni putre, maana yake boriti ambayo mutu anaiweka juu katika garaji yake, anatundika palani, kisha anatoa motere ndani ya motoka. Lubumbashi, Likasi, Kolwezi ao Kipushi, hakuna kartie inayokosa fundi wa namna hiyo. Anatumika jioni nyuma ya zamu, ao siku ya posho, ao siku ya Mungu. Na mara nyingi fundi huyo ni mufanyakazi mwenzetu, ao ndugu yake, ao mutoto wake.

Neno langu ni moja, na ninalisema tangu mwanzo. Putre ya nyumbani ni kitu kizuri, lakini isifungwe kwenye paa ya nyumba. Isimame kwa miguu yake yenyewe, juu ya fasi ngumu, na ipimwe mbele ya kutumiwa. Yule asiye na feza ya kuijenga peke yake, aijenge pamoja na majirani. Kompani nayo iko na kazi yake katika jambo hili, na nitaisema bila kuficha.

KUKATAZA SI DAWA

Kuna wakubwa wengine wanaosema: "Tukataze tu kazi hizi za motoka katika kambi, aksida zitakwisha." Mimi ninakataa. Mushahara unaisha mbele ya mwezi kuisha, watoto wanataka minervali, na fundi anayejua kazi hataacha mikono yake ilale. Ukimukataza putre, hataacha motere. Ataitoa kwa mikono pamoja na vijana wanne, na hiyo ni mubaya zaidi.

Tuhesabu kidogo. Motere ya motoka ndogo ya silinda 4 iko na uzito wa kilo 100 mpaka 200. Motere kubwa ya dizeli ya silinda 6, kama ile ya jipu, ikiwa pamoja na bwate ya vitesi, inaweza kufika kilo 400. Mwaka 1967, Shirika la Kazi la Ulimwengu lilitoa shauri kwamba mutu mume mwenye nguvu asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Basi, kwa kilo 200 mukiwa watu 4, kila mutu anapata kilo 50. Utasema: "Si tuko chini ya 55?" Hapana, ndugu. Motere si gunia ya unga. Haina mashikio, imejaa mafuta, na munainama juu ya ubavu wa motoka mukinyoosha mikono mbele. Tena muzigo haugawanyiki sawasawa. Mumoja akiteleza, mwenzake anapokea kilo 100 kwa mugongo uliopinda.

Migongo hiyo tunaiona kila juma katika dispansari. Mutu anaingia ameshika kiuno, anasema amelala vibaya. Ukimuuliza polepole, anakubali kwamba jana alibeba motere. Kidonge kinatuliza maumivu siku mbili, lakini mufupa wa mugongo haununuliwi sokoni. Kwa hiyo ninasema: fundi aliyefikiri kutundika palani amefikiri vizuri. Ubaya hauko katika putre. Ubaya uko pahali anapoifunga.

PAA INAJUA MABATI NA MVUA TU

Fundi anatazama juu, anaona mbao nzito za paa, anasema: "Hizi zitabeba." Anapitisha kable juu ya ubao, anafunga palani, anaanza kuvuta.

Ndugu, uliza kwanza paa yako inabeba nini kila siku. Mabati ya kawaida yako na uzito wa kilo 3 ao 4 hivi kwa metre moja ya mraba. Kwa nyumba yenye paa ya metre 50 za mraba, mabati yote pamoja ni kilo 150 mpaka 200. Uzito huo umetawanyika juu ya mbao zote na kuta zote. Sasa wewe unachukua motere yenye uzito sawa na mabati yote ya nyumba, ao mara mbili zaidi, unautundika wote kwa nukta moja katikati ya ubao mumoja. Yule aliyejenga nyumba hakufikiri jambo hilo hata siku moja.

Tena ubao unaouona si ubao ulionunuliwa. Huku kwetu muchwa unakula ndani na kuacha ngozi ya inje nzima. Pale bati linapovuja, kichwa cha ubao kinaoza ukutani bila mutu kuona. Misumari nayo ilipigwa ili kuzuia upepo usinyanyue mabati. Haikupigwa ili kubeba kilo 300 zinazovuta kuelekea chini na kutikisika. Na chini ya ubao kuko ukuta. Kama ni wa matofali mabichi, kichwa cha putre kinauponda kidogo kidogo, mwisho ukuta wenyewe unainama. Hapo si motere tu inayoanguka, ni nyumba, na watoto wako wamelala ngambo ya ukuta ule.

Wengine wanakimbilia tawi la mwembe. Muti ukiwa mubichi unaonekana nguvu, lakini tawi linaweza kuoza ndani na majani yake yabaki mazuri. Na linapovunjika halitoi habari.

Najua jibu la fundi: "Nimetoa motere 10 kwa ubao huu, haukufanya kitu." Ndugu, ubao unakumbuka kila muzigo. Ufa unaanza mudogo kama nywele, unaongezeka kidogo kila mara. Kubeba jana si barua ya ruhusa kwa kesho. Motere ya 11 inaweza kuwa ndogo kuliko zote, na ndiyo itakayoangusha.

PUTRE INAYOFAA

Putre inayofaa ni ile inayoshusha uzito wote mpaka chini bila kuomba musaada kwa nyumba. Kazini tunaiita portiki: putre moja juu, na kila upande miguu miwili iliyofunguka kama herufi A. Chini ya kila muguu kuna plaki pana ya chuma, na vyuma vya pembeni vinafunga miguu na putre ili visiyumbe. Garaji ikiwa na paa, portiki inasimama ndani bila kugusa ubao hata mumoja.

Nitatoa mufano mumoja. Chukua putre ya IPE 160, na miguu iachane metre 3. Putre hiyo iko na kimo cha milimetre 160 na upana wa milimetre 82. Metre moja iko na uzito wa kilo 15,8. Basi metre 3 ni kilo 47 hivi, watu wawili wanaibeba. Ukitundika kilo 1000 katikati yake, inapinda milimetre 3 tu, na chuma kiko bado mbali na mwisho wa nguvu zake. Kwa motere ya kilo 400 iko na nguvu ya kutosha na kubakiza.

Lakini jihazari na mambo manne.

La kwanza: urefu. Ukichukua putre ileile na kuachanisha miguu metre 6, kuinama kwake hakuongezeki mara mbili, kunaongezeka mara 8. Portiki fupi ni rafiki yako. Usiifanye ndefu kuliko upana wa motoka unavyolazimisha.

La pili: namna ya kuiweka. Putre isimame kwa kimo chake, isilale ubavu. IPE 160 iliyolazwa ubavu inapinda mara 12 kupita ile iliyosimama. Chuma ni kilekile, kosa ni la kuweka.

La tatu: reli ya zamani. Wengi wanapenda reli kwa sababu ni nzito na inapatikana. Chuma cha reli ni kigumu, kimejaa kaboni, na sude ya kawaida juu yake inapasuka inapopoa. Unaona sude nzuri kwa inje, ndani kuna ufa. Sude ya portiki ifanywe na sudere anayejua kazi, juu ya chuma kinachokubali sude. Na buloni zisitoke katika kopo la buloni za kuokota. Tafuta zile zenye namba 8.8 kwenye kichwa.

La ine: chini. Miguu isimame juu ya betoni, si juu ya udongo wa bustani ambao mvua ya Desemba inaulainisha. Muguu mumoja ukizama santimetre 5 wakati motere iko juu, portiki yote inaanza kuanguka.

Mufano huu si ruhusa ya kujenga bila kuuliza. Miguu na sude vinaua kama vile putre inavyoua. Onyesha plan yako kwa enjenyeri ao kwa kapita wa atelye mbele ya kukata chuma. Na kama putre yako tayari imekaa juu ya kuta, usiitumie tena mpaka mutu anayejua ujenzi aone kuta zenyewe na aone kama vichwa vya putre vimelala juu ya betoni ao juu ya tofali tupu.

PALANI, KABLE NA MUNYORORO

Portiki inaweza kuwa ya nguvu sana na motere ianguke hata hivyo, kwa sababu muzigo unabebwa na kile kilicho zaifu kuliko vyote.

Palani ya kweli iko na herufi C.M.U. na namba. Hiyo namba ni uzito mukubwa ambao palani inaruhusiwa kubeba. Palani isiyo na namba, usiinunue hata kama bei yake ni ndogo. Ndoano iwe na ulimi wake wa kufunga. Ndoano iliyofunguka mudomo imekwisha kuonyesha kwamba ilibebeshwa kupita kipimo. Isirudishwe kwa nyundo, itupwe.

Wale wanaotengeneza vyombo vya kuinua wanaacha akiba: munyororo unapasuka kwa mara 4 hivi ya uzito unaoandikwa juu yake, kable ya chuma kwa mara 5, mukanda wa nguo kwa mara 7. Wengine wakisikia hivyo wanafurahi: "Basi ninaweza kuongeza!" Hapana. Akiba hiyo ni ya kutu, ya kuchakaa na ya mushituko. Si ya kuliwa na fundi.

Mikanda ya nguo inayoheshimu sheria za Ulaya iko na rangi: zambarau ni tani 1, kijani ni tani 2, manjano ni tani 3. Mukanda uliokatika pembeni hata kidogo, ao uliochomwa na asidi ya bateri, hauna tena rangi. Kamba ya kuvuta motoka si kamba ya kuinua. Na munyororo ulioungwa kwa buloni ni munyororo uliokatika.

Tazama pia pembe. Ukitundika motere ya kilo 400 kwa kamba mbili zinazoshuka sawa chini, kila kamba inabeba kilo 200. Kamba zikifunguka mpaka pembe kati yao kuwa digri 90, kila moja inabeba kilo 283. Zikifunguka digri 120, kila moja inabeba kilo 400 nzima, kama vile mwenzake hayuko. Basi kamba ziwe ndefu ili pembe iwe ndogo.

Na yule anayefunga kable ya chuma kwa viti vya kubana, aweke 3 ao zaidi. Ule mufupa wa kiti wenye meno ukae juu ya upande murefu unaobeba, na ule uliopinda kama herufi U ukae juu ya kipande kifupi cha mwisho. Ukigeuza, U inauma kable pale inapobeba na kuizaifisha.

PIMA MBELE YA KUTUMIA

Sheria ya mashini ya Ulaya ya mwaka 2006 inataka chombo cha kuinua kinachoendeshwa kwa mikono kipimwe kwa mara moja na nusu ya uzito wake wa kazi. Nyumbani tunaweza kufanya hivyo kwa magunia ya sima. Gunia moja ni kilo 50. Kama portiki yako ni ya kilo 500, tafuta magunia 15: ni kilo 750. Palani iwe ya kilo 1000, ili nayo isipite namba yake.

Panga magunia juu ya palete ya nguvu, funga vizuri, inua santimetre 10 tu, na uweke mbao chini yake. Wote waondoke. Acha robo ya saa. Kisha tazama kutoka mbali kidogo: je, miguu inafunguka? Sude inaonyesha mustari? Plaki inazama? Shusha magunia. Nyoosha kamba kutoka kichwa kimoja cha putre mpaka kingine. Putre ikirudi sawa kabisa, ni vizuri. Ikibaki imeinama hata kidogo, haikufaa. Andika kwa rangi juu ya putre: KILO 500, na mwezi na mwaka wa kupima. Rudia kila mwaka, na tena kila mara portiki inapogongwa ao muzigo unapoanguka.

HAKUNA MUTU CHINI YA MUZIGO

Kuna jambo linalonishangaza siku zote. Kazini, kapita akiona mutu anapita chini ya muzigo unaotundikwa, anapiga firimbi na kazi inasimama. Kila mumoja anajua sheria hiyo. Lakini mutu yuleyule akifika nyumbani, anaingiza kichwa na mabega chini ya motere inayoning'inia ili kulegeza buloni moja iliyobaki. Tulipokea mara moja mufanyakazi wa namna hiyo, mutu wa miaka mingi katika atelye, ambaye hakuwahi kuumia kazini hata kidole. Nyumbani kable ilikatika, na mukono wake wa kuume ulibaki kati ya motere na shasi. Tulimutuma haraka kwa lopitali. Alirudi na vidole viwili. Bibi yake alituuliza: "Sheria za kazini zinaishia kwenye mulango wa kompani?" Sikupata jibu la kumupa.

Motere inayoanguka kutoka metre moja inafika chini kwa muda ambao ni chini ya nusu ya segonde, na mwendo wake unafika kilometre 16 kwa saa. Hakuna mutu anayeweza kuondoa mukono kwa muda huo. Yule anayesema "nitaruka" anajidanganya.

Basi, nyumbani kama kazini:

— Inua motere kidogo, sukuma motoka iondoke, kisha shusha motere mara moja juu ya mbao ao matairi. Tengeneza ikiwa chini, si ikiwa inaning'inia.

— Ongoza motere kwa kamba ndefu, si kwa kukumbatia.

— Usivute kwa ubavu. Palani inavuta sawa juu; motoka ndiyo isogezwe chini yake.

— Usiingie chini ya motoka iliyoinuliwa kwa palani ao kwa krike peke yake. Weka kwanza vigingi vya chuma vya nguvu.

— Mutoto asiwe karibu. Chora mustari wa chokaa chini, metre 3 pande zote. Kazi ikisimama, munyororo wa palani ufungwe juu, kwa maana watoto wanaufanya pembea.

Mama wa nyumba, hapa ninasema na ninyi. Nyumba ni yenu pia. Mukiona palani inatundikwa kwenye paa, muko na haki ya kusema hapana. Baba akikasirika jioni moja, kesho hasira itapita. Mukono uliokatika haurudi.

KAMA AKSIDA IMEFIKA

Fuateni mambo haya, na mutu mumoja atumwe kuita musaada tangu mwanzo.

1. Muzigo ukiwa juu ya kifua ao shingo, uondolewe mara moja kwa krike na mbao, kwa maana mutu hawezi kupumua. Musivute mutu kwa nguvu akiwa bado amebanwa.

2. Angalieni saa ambapo mukono ao muguu ulibanwa, na muambie muganga. Mwaka 1941, mujini London, waganga Bywaters na Beall walieleza hali ya watu waliotolewa chini ya nyumba zilizobomolewa na mabomu. Walionekana wazima, lakini siku zilizofuata figo zao ziliharibika, kwa sababu sumu ya nyama iliyopondwa iliingia katika damu. Kwa hiyo mutu aliyebanwa muda murefu aende lopitali hata kama anasema hasikii kitu, na hata kama anatembea. Mukojo mweusi kama chai nzito ni alama ya hatari.

3. Damu ikitoka, bana kidonda kwa kitambaa safi na ushikilie bila kufungua-fungua. Musiweke mafuta ya motere, udongo wala majivu.

4. Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye maji kidogo, kiwekwe katika mufuko wa plastiki, na mufuko uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu.

5. Mutu aliyepigwa mugongo ao shingo asiinuliwe kwa mikono na miguu. Abaki amelala sawa mpaka musaada ufike. Kama ni lazima kumugeuza, watu wanne wamugeuze pamoja kama gogo moja.

6. Mukono uliopondwa usikandwe na usifungwe kwa vijiti vya kukaza. Kama unaendelea kuvimba, unakuwa mugumu kama ubao, na maumivu yanaongezeka kila mutu anapogusa vidole, ni haraka sana. Musingoje asubui; katika masaa machache nyama ya ndani inaanza kufa.

7. Kidonda chochote cha chuma na udongo kinataka sindano ya pepopunda. Hata kidogo.

KAZI YA KILA MUMOJA

Sasa ninasema na kompani. Kable nyingi zinazotundika motere katika kambi zimetoka wapi? Tunajua wote: ni kable na mikanda iliyokataliwa kazini, ikatupwa nzima, ikatoka kwa mulango mumoja ao mwingine, ikafika nyumbani. Kile ambacho enjenyeri alikiona kibaya kwa kubeba pompi, kinabeba sasa motere juu ya kichwa cha mutoto. Ninaomba kila kable, munyororo na mukanda unaokataliwa ukatwe vipande vifupi siku hiyohiyo, mbele ya kutupwa. Ni kazi ya dakika 5 kwa shalumo, na inaokoa mikono.

Ninaomba tena service ya sekirite itoe siku moja ya posho katika kila miezi mitatu, ili watu wake wapite katika kambi na kutazama portiki za watu. Wasije kama polisi wa kunyang'anya. Fundi akiogopa kunyang'anywa, ataficha putre yake, na kile kilichofichwa hakipimwi. Kompani itasema kwamba aksida ya nyumbani si ya kazi. Kwa karatasi ni kweli. Lakini mutu aliyepoteza mukono siku ya Mungu, siku ya kwanza haonekani kwenye zamu, na kiti chake katika atelye kinabaki wazi.

Na kwenu, ndugu mafundi: putre 10 mbaya katika avenue moja hazifai kitu. Portiki moja nzuri inatosha. Nyumba 10 zikichangana kila mwezi kidogo, kama tunavyochangana kwa likelemba, portiki itapatikana mbele ya mwaka kuisha. Chagueni mutu mumoja wa kuilinda, mutu asiyekunywa akiwa kazini. Awe na daftari: nani ametumia, siku gani, uzito gani, na nini kimeharibika. Palani ilale ndani kwa kufuli. Anayekuja bila kujua kazi, asipewe.

Watu watasema hiyo ni shida nyingi kwa kazi ya saa moja. Kweli, kufunga kable kwenye ubao wa paa ni dakika 10, na kujenga portiki ni miezi. Lakini mikono unayotumia kufunga kable ile ndiyo inayolisha nyumba yote, na kompani haina magazini ya mikono mingine.

Basi siku ya posho hii, mbele ya kutundika palani, inua macho utazame. Kama unaona ubao wa paa, shusha palani yako, uende kwa jirani, mukae chini, muanze kuhesabu bei ya portiki ya avenue yenu.